Vyura wa Bredäng na Msiba wa Vällingby

Mimi sijui kufurahi polepole. Nikifurahi mikono inaruka, sauti inapanda, na binti yangu ananishika kiwiko na kuninong'oneza, "Mamma, sänk rösten," yaani nipunguze sauti, hata kama tuko njiani peke yetu na kunguru. Kwa hiyo mtu asinilaumu nikiisimulia habari hii kwa pupa. Ni habari ya vyura, na ni habari ya jinsi nilivyokuwa diwani wa jiji la Stockholm, na kwangu mimi mambo hayo mawili hayatenganishiki.

Nilikuja huku kusoma. Nilipowaambia watu wa nyumbani, Kakamega, kwamba nimepata nafasi ya kusomea usimamizi wa taka, mjomba wangu aliuliza mbele ya wageni, "Yaani unapanda ndege kwenda kusomea takataka? Za hapa hazikukutosha?" Walicheka wiki nzima. Nami nikaja, nikapanga chumba Märsta, asubuhi nasafisha ndege kwenye uwanja wa Arlanda, mchana naingia darasani nikinuka dawa ya viti. Kila ndege iliyotua iliniachia mifuko ya vikombe vya plastiki vilivyotumika kwa kinywaji kimoja tu, na kila mfuko ulinipandisha hasira. Msimamizi wangu aliniambia hasira ile niitafutie kazi. Nikaitafutia. Nilipomaliza masomo niliajiriwa kuwafundisha wakazi wa majengo ya ghorofa namna ya kutenganisha taka zao, nikahamia Bredäng na binti yangu, ambaye wakati huo bado alikuwa akilala na dubu wake wa kitambaa.

Vyura niliwakuta huko. Jioni moja ya Aprili, mvua nyembamba inanyesha na baridi imelegea kidogo, nilikuwa natoka kituo cha treni nikamwona bibi mmoja wa Kiswidi amesimama katikati ya barabara. Mkono mmoja amenyanyua kusimamisha gari, mwingine ameshika ndoo ya njano. Nilidhani ameangusha funguo, nikakimbia kumsaidia. Nikachungulia ndani ya ndoo. Vyura! Wamepandana, wanatazama juu kama abiria waliocheleweshewa safari. Nikapiga ukelele ambao nadhani walinisikia mpaka kituo kinachofuata.

"Hakuna aliyekuomba uwabusu," bibi akaniambia. "Chukua ndoo nyingine iko pale."

Ndipo nikaelezwa. Kila majira ya kuchipua, siku ya kwanza yenye mvua na joto kidogo, vyura hutoka msituni walikolala baridi yote, wakavuka barabara kwenda kutaga kwenye kidimbwi kile kile walikozaliwa. Barabara imewakuta wao, si wao walioikuta barabara. Wasipovushwa wanapondwa na magari. Basi wako watu wanaotoka na ndoo na tochi kuwavusha, hawalipwi, hawasifiwi, na bibi yule alikuwa akifanya hivyo tangu majengo yetu yalipokuwa mapya. Kwetu chura ni wa kufukuzwa na fagio. Lakini nilipomshika wa kwanza kwa glavu, nikausikia moyo wake ukipiga kwenye kiganja changu, nilijawa na furaha ya ajabu. Nikaanza kuwahesabia njia kwa sauti: wewe huku, wewe ngoja, mama pita! Bibi akanitazama.

"Wewe unapiga kelele vizuri," akasema. "Ungeingia kwenye siasa."

Alisema kwa mzaha, mimi nikasikia kwa dhati. Mwezi huo huo nilikwenda kwenye mkutano wa chama kimoja kidogo kinachopigania miti na hewa safi. Ulifanyika kwenye chumba cha chini cha jengo, kahawa chungu, mikate ya mdalasini, na watu wanaoinua mkono kabla ya kukohoa. Nilipenda mno. Nilibeba vipeperushi, niligonga milango, niligombana na watu kuhusu mifuko ya plastiki kwenye foleni ya duka. Baada ya miaka kadhaa wakaniweka kwenye orodha ya wagombea wa baraza la jiji, chini kabisa, mahali pa kuwekea watu wa kushukuriwa.

Ila walisahau kuwa huku mpiga kura anaweza kuweka alama kwenye jina la mtu mmoja na kumvusha juu ya wenzake. Na walisahau kwamba mimi nina watu. Watu wangu ni wale tunaokutana Jumapili kwa Kiswahili: Wakenya, Watanzania, Waganda, Warundi na Wakongo, kila mmoja na Kiswahili chake na wote tunaelewana. Anayetuongoza, ingawa hakuna aliyewahi kumchagua, ni mama mmoja wa Bukavu mwenye simu mbili. Alizishika zote mbili kwa wiki tatu. "Weka alama kwa dada yetu," alimwambia kila mtu, "na kama huna miwani, minakuja nikuonyeshe." Matokeo yalipotangazwa nilikuwa nimeruka majina yote yaliyokuwa juu yangu. Nilikimbia ngazi zote za jengo letu nikigonga milango. Binti yangu, ambaye sasa alikuwa msichana wa sekondari, alijifungia bafuni kwa aibu, lakini nilimsikia akicheka huko ndani.

Kuanzia siku hiyo nikawa mheshimiwa. Simu hazikukoma. Mmoja anataka nyumba, mwingine anataka mpwa wake aletwe, wa tatu anauliza gari la diwani ni la aina gani. Gari! Diwani wa huku hana gari wala mlinzi. Ana kazi yake kama kawaida, na Jumatatu ya kikao anapanda treni na mkate wake mfukoni, anaingia kwenye jumba la jiji lenye dari la mbao refu kama paa la kanisa, anakaa kwenye kiti chake na vitufe vyake vya kupigia kura, ndiyo na hapana. Mimi kila nilipokaa pale niliona fahari. Hata sasa naiona.

Kisha ukaja mpango wa kukifukia kidimbwi. Barabara ipanuliwe, na pale palipo maji pawe maegesho ya magari. Nilipousoma nilisimama bila kujua nimesimama. Kidimbwi kikifukiwa, vyura wangerudi Aprili kutaga juu ya lami. Nikaapa sitanyamaza.

Nilipowaeleza watu wa Jumapili, mama wa Bukavu alinitazama kwa huruma. "Mais non, dada. Sisi tulikuchagua kwa ajili ya batu, weye unaleta vyura?" Nikamwambia aje na ndoo Aprili, kisha ndipo anihukumu. Akaja, na viatu vya kanisani na mwavuli. Akaona wale wanyama wadogo wanavyojikokota kurudi walikozaliwa na magari yanawapita juu, akafunga mwavuli. Muda si mrefu akawa ameingia barabarani kumfokea dereva wa basi. Mtu mmoja aliyekuwa anapita akatucheka, na mama, akinipa moyo, akasema kwa nguvu, "Wacha waseme! Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji!" Kisha akaitazama ndoo yake. Tukacheka mpaka bibi wa ndoo ya njano akaja kuuliza kuna nini, nikamtafsiria, na yeye akacheka kuliko sote.

Huyo bibi alikuwa na mtoto wa kiume, mtu mzima, na nilikuwa nimemjua mwanawe kabla ya kujua kuwa ni mwanawe. Alikuwa diwani wa upande wa pili, mtu mrefu wa Vällingby mwenye tai iliyonyooka, na ndiye aliyesimama barazani kuyatetea maegesho. Alisema vizuri, hakutukana mtu. Alisema kina mama wanaorudi na watoto na mizigo nao wana haki ya pa kuegesha. Ilinikera kwa sababu lilikuwa jambo la kweli. Nilipomuuliza bibi kuhusu hilo, aliminya midomo. "Mtoto nilimzaa mimi," akasema. "Chama alijitafutia mwenyewe."

Majira ya baridi yaliyofuata bibi akafariki.

Nilizipata habari kutoka kwa mwanawe, kwenye mapumziko ya kahawa ya kikao. Alinijia akiwa ameshika kikombe kitupu. Akaniambia mama yake ameondoka, kwamba mazishi yatakuwa ya familia tu, kama wengi wafanyavyo huku, na kwamba siku iliyopatikana ni Jumatatu ya kikao kijacho. Wabadala wa chama chake, wanaokaa mahali pa diwani asiyekuwepo, walikuwa wamelala na mafua. Je, ningekubali kukaa nje naye? Iko desturi hiyo katika mabaraza ya Sweden, wanaiita kvittning. Mtu wa upande mmoja akiwa na dharura, mtu wa upande wa pili anakubali kutopiga kura, ili uzani wa baraza ubaki sawa. Haiandikwi kwenye sheria. Ni neno la mtu na mtu.

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. "Pole sana," nikasema, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswidi hakina neno lile. Kisha nikasema ndiyo. Kwetu mfiwa akikuomba kitu huwezi kumjibu "ngoja niangalie ratiba."

Mswidi angeangalia ratiba. Ajenda ilipotoka siku chache baadaye, kura ya kidimbwi ilikuwa imesogezwa mbele, Jumatatu ile ile. Kiongozi wa kundi letu, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, aliniita pembeni. Mapatano ya namna hiyo, alisema, hupitia kwa katibu wa kundi, na kamwe si kabla ya ajenda. Kura zilikuwa karibu kulingana kabisa. Kura yangu moja ingeweza kukiokoa kidimbwi.

"Nifanye nini?" nikamuuliza.

"Ni neno lako," akasema. "Sisi hatuwezi kukuambia ulifanye nini."

Angenifokea ningefurahi zaidi.

Na watu wangu nilikuwa nimekwisha kuwaalika! Siku ya kikao walijaa kwenye ghorofa ya wasikilizaji, juu ya ukumbi, vitenge vinawaka kwenye safu ya mbele, mama wa Bukavu katikati, binti yangu pembeni yake. Walinipungia. Kidimbwi kilipotajwa nikasimama, nikachukua mkoba wangu, nikatoka kwenye kiti changu na kupanda ngazi mpaka kwao.

"Mheshimiwa umepotea njia?" mama akauliza. "Kiti yako iko kule chini."

"Leo sipigi kura."

"Vraiment? Tumepanda treni mbili kuja kukuona unakaa na sisi? Shuka! Shuka sasa hivi!"

"Men det är ju dammen, mamma," binti yangu akasema. Lakini ni kidimbwi, mama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na nilijua kuwa amekuja kwa ajili ya kidimbwi, si kwa ajili yangu.

"Yule mwenye kiti kile kitupu anamzika mama yake leo," nikawaambia. "Nilimpa neno langu kwamba sitapiga kura mpaka arudi. Mama yake ni yule bibi wa ndoo ya njano."

Mama wa Bukavu akaketi. Alishusha kilemba chake kidogo usoni, kama wafanyavyo wakisikia msiba. "Bibi wetu?" akasema. "Na hukutuambia?" Hakuna aliyeniambia tena nishuke.

Kule chini wakabonyeza vitufe. Kura zikafungana sawasawa, na kura zikifungana huamua mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa mtu wa maegesho. Mpango ukapita hatua ya kwanza. Uliniuma, sitaficha. Niliiona shingo ya binti yangu imekakamaa, na nilitamani kuruka kutoka kule juu mpaka kwenye kitufe changu. Ilibaki kura ya mwisho, kabla ya likizo ya kiangazi, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kubadili mawazo.

Tukiwa tunavaa makoti, mama wa Bukavu akauliza, "Na matanga iko wapi?"

Nikamweleza kuwa huku hakuna matanga. Watu hutuma kadi na maua, kisha humwacha mfiwa apumzike.

"Anapumzika na nani?"

Jumamosi tukapanda treni ya mstari wa kijani kwenda Vällingby, wanawake tunaojaza nusu ya behewa, masufuria ya pilau yamefungwa kwa leso. Nilitaka kupiga simu kwanza. Nimeishi huku vya kutosha kujua kwamba hata ndugu hawatembeleani bila miadi. Mama alininyang'anya simu. "Msiba haupigiwi simu," akasema.

Mwana wa bibi alifungua mlango akiwa na taulo la vyombo begani. Alitutazama, akatazama masufuria, akatazama saa. "Samahani," akasema, "tulikuwa na miadi?"

"Tumekuja kukupa pole," nikasema, na kabla sijamaliza viatu vyote vilikuwa vimeshavuliwa. Viti havikutosha. Walioshindwa kupata viti wakaketi zuliani. Mama aliomba kwa Kiswahili, sala ndefu ya kumtaja marehemu, watoto wa marehemu, ndoo ya marehemu, na mtu yule mrefu akasimama ameinamisha kichwa asielewe hata neno moja. Kisha wakaimba, polepole, kwa sauti za chini. Baada ya hapo tukakaa tu bila kusema neno, kama inavyopaswa. Mwanzoni alisogeza sogeza vikombe. Kisha akaacha, akaketi, na baada ya muda mabega yake yakaanza kutikisika. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipokuwa akila pilau aliniuliza, "Ajenda ile sikuijua nilipokuomba. Ungeweza kushuka siku ile ukapiga kura?"

"Ningeweza."

"Kwa nini hukushuka?"

"Ulikuwa unamzika mama."

Akaendelea kula. Mlangoni alitushukuru mmoja mmoja, akanikumbusha kwa adabu zake zote kuwa msimamo wa chama chake juu ya maegesho haujabadilika. Nilitaka kumrushia sufuria. Nikampa mkono.

Aprili ikaja na mvua yake. Tulitoka na ndoo, safari hii nusu ya watu wa Jumapili walikuja, na binti yangu alileta darasa lake. Nilivusha kila chura kama ndiye wa mwisho. Mchana nilipiga simu kwa kila diwani aliyeonekana kusita, nikaandika, nikabishana kwenye ngazi za jumba la jiji na watu waliokuwa wanatafuta choo. Nilifurahi na niliogopa kwa wakati mmoja, nikawa silali vizuri na sichoki. Hakuna aliyebadilika. Hesabu ilikuwa ile ile: wote tukiwepo, kura zingefungana, na mwenyekiti angekifukia kidimbwi kwa kitufe chake.

Siku ya kura ya mwisho safu ya mbele kule juu ilikuwa imejaa vitenge tena. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, jasho mgongoni. Yule mtu wa Vällingby alikuwa kwenye chake, tai imenyooka. Jambo letu likatajwa. Mwenyekiti akatutaka tujiandae.

Mtu wa Vällingby akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akapita mbele yangu bila kunitazama, akatoka. Nikadhani anakwenda chooni. Kiongozi wake naye nadhani alidhani hivyo, maana alitazama mlango mara mbili, kisha akanyanyuka nusu kwenye kiti. Hakuna mtu wa upande wetu aliyekuwa amempa neno. Hakuwa ameomba.

Nikamwona ametokea kule juu. Alisimama mwanzoni mwa safu, mrefu, hajui apite wapi. Mama wa Bukavu alimtazama kidogo tu, akauinua mkoba wake kutoka kwenye kiti cha kando, akauweka magotini. Yule mrefu akaketi pale pale nilipokuwa nimeketi mimi siku ya mazishi.

Nikabonyeza hapana kwa nguvu mpaka kidole kikauma. Ubao ukawaka. Tulishinda kwa kura moja.

Nilichopiga hakikuwa kelele, kilikuwa kigelegele, na kule juu kikajibiwa na safu nzima, na kwenye ghorofa ya wasikilizaji ni marufuku hata kupiga makofi. Mwenyekiti akagonga nyundo, akagonga tena, akanitaka nipunguze sauti. Nikamtafuta binti yangu, nikitegemea kumwona amejificha uso. Alikuwa amesimama juu ya kiti, anapiga kigelegele kibaya, cha mtu ambaye hajawahi kujaribu.

Katikati ya fujo ile ni mtu mmoja tu aliyekaa kimya, yule wa Vällingby. Mama wa Bukavu alikuwa ametoa andazi mkobani, limefungwa kwa karatasi ya jikoni, akamtia mkononi. Akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyotuona tukipokea kule kwake, na akaanza kula.